Dakika Tatu za Simu na Kikaratasi cha Karani



Juma hili nataka kuwasimulia habari ya kikaratasi kidogo ambacho vijana wa leo hawakukiona kamwe, nacho kilitawala mifuko ya watu muda wa miaka mingi. Lakini kwanza nitawapa kisa changu mwenyewe, maana pasipo kisa hicho nisingalijitaabisha kuchunguza mambo haya.

Nilipokuwa mwanafunzi, mama yetu aliugua. Baba alinipa fedha, akanituma mjini posta nimpigie simu kaka yangu mkubwa, aliyefanya kazi ya useremala katika mji wa mbali, nimwarifu aje upesi. Siku zile simu haikutembea mfukoni mwa mtu. Nilifika dirishani, nikampa karani namba ya karakana, nikaambiwa ningoje katika kibanda cha mbao. Baada ya kitambo kirefu kengele ikalia. Mtu mmoja akaitika, nikamwomba amwite kaka. Akasema, "Ngoja, yuko nyuma kwenye mbao." Nikangoja. Kaka akaja, tukaongea maneno machache tu: mama hawezi, baba anakuita, panda gari la kesho. Nilipotoka, karani akanidai malipo ya dakika tisa. Nikasema, "Bwana, hatukuongea hata dakika tatu." Akajibu, "Saa yangu inasema tisa," akazipokea fedha zote. Hakunipa karatasi yoyote.

Nyumbani baba akauliza, "Fedha iliyobaki iko wapi?" Nikamweleza. Hakunipiga wala hakunikaripia. Alinitazama tu, kisha akageuka akaenda kwa mama. Ukimya ule ulinichoma kuliko fimbo. Mama alipona, kaka akarudi kazini kwake, lakini mimi nilijua kwamba baba ananishuku kuwa nimekula fedha ya simu.

Basi ni nani aliyepanga jinsi ya kuhesabu dakika? Na saa ya karani yaanza kuhesabu lini, mtu anapoitika au rafiki yako anapofika? Nilibaki na maswali hayo miaka mingi, hata nikapata kusoma jinsi kazi hiyo ilivyoanza.

Bwana Alexander Graham Bell alipewa hati ya uvumbuzi wa simu huko Marekani tarehe 7 Machi 1876. Mwanzoni watu wawili walifungiwa waya mmoja kati ya nyumba zao, wakaongea wao kwa wao tu. Hapakuwa na cha kuhesabu. Lakini tarehe 28 Januari 1878, katika mji wa New Haven, Bwana George Coy alifungua nyumba ya kwanza ya biashara ya kuunganisha simu. Watu 21 walilipa wapate kuingia. Nyaya zao zote zilikusanyika mahali pamoja kwenye ubao, na mtu aliyekaa pale aliunganisha waya wa huyu na waya wa yule.

Ndipo kazi ya karani wa simu ilipozaliwa. Kwanza waliwekwa wavulana, wale waliozoea kupeleka telegramu. Wakawa watukutu, wakatukana wateja na kufanya mzaha kazini. Kwa hiyo tarehe 1 Septemba 1878, huko Boston, aliajiriwa msichana wa kwanza, jina lake Emma Nutt. Sauti yake ilikuwa ya upole, na tangu siku ile ubao wa simu katika nchi nyingi ukawa kazi ya wanawake.

Na malipo? Hapo mwanzo yalikuwa mepesi kabisa. Mwenye simu alilipa kiasi kimoja kwa mwaka au kwa mwezi, akaongea atakavyo. Mwuza nyama aliyepigiwa simu mara hamsini kwa siku alilipa sawa na mzee aliyepiga mara moja kwa juma. Wenye kampuni wakaona hasara, wakataka kuhesabu kila simu na kuidai malipo yake. Watu wakakasirika sana. Huko Rochester, katika jimbo la New York, mwaka wa 1886 wenye simu walipatana wote pamoja, wakatundika vyombo vyao, wakakataa kuvigusa. Mgomo ule uliendelea mpaka mwaka wa 1888. Fikirini: mji mzima wa wafanyabiashara unarudi kutuma watoto na barua, kwa sababu hautaki kuhesabiwa maneno! Mimi siwacheki. Aliyezoea kulipa kiasi kimoja huona kwamba anayemhesabia hana imani naye.

Hata hivyo hesabu ilikuja. Kwa simu za mjini njia ilikuwa rahisi: kila mwenye simu alikuwa na kisanduku chake cha kuhesabia huko kwenye nyumba ya simu, na karani alipokwisha kumwunganisha na mwenziwe akaitika, alibonyeza kitufe, namba ikaongezeka moja. Mwisho wa mwezi walisoma namba. Wasio na simu nyumbani walihitaji njia nyingine. Mwaka wa 1889 Bwana William Gray aliweka simu ya kulipia kwa sarafu katika benki moja ya mji wa Hartford. Husimuliwa kwamba mke wake aliugua, naye alipoomba kumwita daktari kwa simu ya watu wengine, walimkatalia kwanza. Ndipo alipowaza kutengeneza simu ambayo kila mtu aweza kuitumia kwa fedha yake. Mimi niliyetumwa posta kwa ajili ya mama mgonjwa, kisa hicho sikukipita haraka.

Lakini tazameni akili ya sanduku la namna hiyo. Karani alikuwa mbali, hakuiona sarafu. Basi mafundi walifanya sarafu zigonge kengele zinapoanguka ndani: sarafu ya thamani ndogo igonge mara moja, yenye thamani kubwa kuliko hiyo mara mbili, nyingine ya thamani kubwa zaidi ipige chuma chenye sauti nzito. Karani alisikiliza kwa sikio, akajua ni kiasi gani kimetiwa.

Kazi ngumu ilikuwa simu za mbali, na hapo ndipo kikaratasi changu kinapoingia. Simu ya mjini iligharimu kidogo, nayo iliweza kuhesabiwa moja moja. Simu ya mji wa mbali ilishika waya mrefu wa thamani kubwa, na wakati ninyi wawili mlipoongea, mwingine hakuweza kuutumia. Kwa hiyo hawakutosheka kujua kwamba umepiga. Walitaka kujua umepiga wapi, na kwa muda gani.

Katika siku za zamani huko Marekani, mtu akitaka kuongea na mji wa mbali alimwita karani wa kuandika. Karani huyo hakuunganisha kitu. Aliandika tu kwenye kikaratasi: tarehe, namba ya anayepiga, mji na namba au jina la anayetafutwa. Kisha akasema, "Tundika simu, tutakuita." Kikaratasi kikapelekwa kwa karani mwingine, na katika nyumba kubwa kilirushwa ndani ya bomba kwa nguvu ya hewa. Huyo wa pili alitafuta waya ulio wazi, akaita mji wa kati, na mji wa kati ukaita mji mwingine, mpaka yule anayetakiwa akapatikana. Ndipo walipokupigia wewe, na labda umekwisha kutoka nyumbani! Katika miaka ya 1920 walibadili taratibu: karani yule yule aliandika na kuunganisha, nawe ukangoja na chombo sikioni.

Mazungumzo yalipoanza, karani alilazimika kuandika saa. Yalipokwisha, aliandika tena, halafu mtu akatoa hesabu ya kuondoa. Ninyi wanafunzi mwajua jinsi ilivyo rahisi kukosea mnapoondoa saa tatu na dakika 58 katika saa nne na dakika 4. Karani mwenye simu nyingi mbele yake alikosea pia. Ndipo Bwana Henry Abbott, mtu wa kazi ya saa, alipotengeneza mashine iliyoitwa Calculagraph. Ilikuwa saa yenye mikono ya kuvuta na mahali pa kutia kikaratasi. Mazungumzo yakianza, karani anatia kikaratasi na kuvuta mkono mmoja: mashine inapiga chapa ya uso wa saa wenye namba. Yakiisha, anakitia tena na kuvuta mkono wa pili: mashine inapiga chapa ya mshale juu ya uso ule ule. Mshale unaonyesha dakika zilizopita, bila mtu kuondoa chochote. Hapana penseli, hapana kukumbuka. Akija mteja akisema, "Sikuongea dakika tisa," wanamwonyesha chapa.

Je, mashine hiyo iliondoa ugomvi wote? La. Mkono uliovutwa ulikuwa mkono wa mtu. Mlipotundika vyombo, taa ndogo ziliwaka mbele ya karani kumjulisha kwamba mmekwisha. Ikiwa wakati ule ule anahudumia wengine, taa yenu ilingoja, na dakika zenu zikaendelea. Karani mwema aliangalia taa kwanza. Karani mchovu, basi, mwajua wenyewe.

Vikaratasi vya siku nzima vilikusanywa, vikapelekwa kwa makarani wa hesabu. Hao walitazama orodha ya miji na bei zake, wakaandika bei juu ya kila kimoja, wakavipanga kwa namba za wenye simu, na mwisho wa mwezi wakaviandika katika karatasi ya madai, kimoja kimoja. Kikaratasi kilichopotea kilikuwa fedha iliyopotea. Kilichowekwa mahali pasipo pake kilikuwa dai kwa mtu asiye na deni.

Na bei zenyewe! Tarehe 25 Januari 1915 ilifunguliwa njia ya simu kutoka New York mpaka San Francisco, bara zima la Marekani. Dakika tatu za kwanza ziligharimu dola 20 na senti 70. Mwaka uliotangulia, Bwana Henry Ford alikuwa ameushangaza ulimwengu kwa kutangaza mshahara wa dola 5 kwa siku katika kiwanda chake cha magari. Kwa hiyo mfanyakazi aliyelipwa vizuri hivyo angalitoa jasho la siku nne na zaidi ili aongee dakika tatu. Tarehe 7 Januari 1927 New York na London zikaongea kwa mawimbi ya redio; dakika tatu, dola 75. Tena tarehe 25 Septemba 1956 ulifunguliwa waya wa kwanza wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki, na dakika tatu ziligharimu dola 12. Katika siku yake ya kwanza London iliongea na Marekani mara 588.

Mmeona dakika tatu zinavyorudi kila mahali? Hicho ndicho kipimo cha chini walichokichagua. Ukiongea dakika moja, unalipa tatu. Ukipita tatu, unaongeza kwa kila dakika. Huko Uingereza, watu walisikia mlio mfupi sikioni kila dakika tatu zilipokwisha, wapate kujua kwamba fedha inakwenda. Tena mtu aliyepiga simu nyumbani kwa jirani aliweza kumwomba karani, tangu mwanzo, amwambie baadaye muda na bei. Mazungumzo yakiisha, karani alipiga simu akasema, "Ni kiasi hiki." Mgeni akaacha fedha mezani mbele ya mwenye nyumba, pasipo ubishi. Laiti mtu angalinifundisha neno hilo nilipokuwa nimesimama posta!

Sasa nafika penye kiini cha kisa changu. Kwa karani kulikuwa na njia mbili za kuomba simu ya mbali. Njia ya kwanza ni kuomba namba: yeyote atakayeitika upande wa pili, awe mtoto au mlinzi wa mlango, saa inaanza kuhesabu pale pale. Njia ya pili ni kuomba mtu kwa jina. Wenye kusema Kifaransa waliita njia hiyo ya pili kwa neno préavis. Karani mwenyewe humtafuta mtu wako, na saa haianzi mpaka yeye hasa ashike chombo. Njia hiyo iligharimu zaidi, lakini mtu wako akiwa hayupo, hulipi bei ya mazungumzo.

Huko Marekani wajanja waliigeuza hila. Kijana aliyesafiri alipatana na wazazi wake: "Nikifika salama nitaomba kuongea na fulani," jina la mtu asiyekuwapo duniani. Simu ikalia, karani akauliza, "Bwana fulani yupo?" Mama akajibu, "Hayupo," akatundika simu huku moyo umetulia, na hakuna aliyelipa senti moja. Ninyi mnaobipu leo msidhani mmeivumbua hila hiyo. Babu zake hizo bipu ni wazungu wa dola na senti.

Mambo ya mashine nitayapitia upesi. Watu walianza mapema kutamani kumwondoa karani. Almon Strowger, mtu wa kuzika wafu katika mji wa Kansas City, alishuku, kama isimuliwavyo, kwamba karani anapeleka simu za wateja wake kwa mzikaji mwingine. Mwaka wa 1891 alipata hati ya mashine ya kuunganisha simu yenyewe, na mwaka uliofuata, 1892, mji wa La Porte katika Indiana ukaanza kuitumia. Lakini mashine hiyo iliunganisha, haikuandika kikaratasi. Kwa hiyo simu za mjini zilikwenda kwa mashine, na za mbali zikabaki mikononi mwa karani zaidi ya nusu ya karne, kwa sababu ya hesabu.

Msaada mmoja ulitoka darasani. Mwalimu Reynold Johnson wa Michigan alichoka kusahihisha mitihani. Husemwa kwamba alipokuwa mtoto alichora mistari ya penseli juu ya vyombo vya cheche vya motokaa za watu, motokaa zikakataa kuwaka, maana risasi ya penseli hupitisha umeme. Alipokua aliutumia utundu huo kwa faida: akafanya mashine inayotambua alama za penseli kwa umeme na kuhesabu majibu ya wanafunzi. Kampuni ya IBM iliitoa mwaka wa 1938. Baadaye makarani wa simu nao walipewa kadi za kutia alama za penseli badala ya kuandika maneno, na mashine zikasoma.

Mwaka wa 1948, katika mji mdogo wa Media, Pennsylvania, mashine ya simu ilianza kuandika yenyewe. Ilitoboa matundu katika utepe wa karatasi: namba ya anayepiga, namba ya anayepigiwa, saa ya kuitika, saa ya kutundika. Sasa karani aliweza kuondoka. Tarehe 10 Novemba 1951 meya wa Englewood, New Jersey, aliinua chombo, akazungusha namba kwa kidole chake mwenyewe, na baada ya nukta 18 akaongea na meya wa Alameda, California, upande wa pili wa bara.

Nchi nyingi za Ulaya zilifuata njia nyingine. Huko hawakutoboa utepe. Walifanya kile kisanduku cha kuhesabia kiendelee kugonga wakati mtu anaongea, polepole kwa mji wa karibu, haraka kwa mji wa mbali. Malkia Elizabeth wa Uingereza aliufungua utaratibu wa namna hiyo huko Bristol tarehe 5 Desemba 1958, akapiga simu Edinburgh bila karani. Kipimo cha dakika tatu kikafa, watu wakalipa kwa kadiri walivyoongea. Ni jambo jema. Lakini, kwa maoni yangu, walipoteza kitu: kisanduku kilitoa namba moja tu kwa miezi yote. Ukiuliza, "Simu hizi ni zipi?" hapakuwa na orodha. Kikaratasi cha karani, pamoja na makosa yake yote, kilitaja siku, saa, mji na jina.

Basi nilipokwisha kusoma habari ya kuomba namba na kuomba mtu, nilikaa kimya kwa muda. Nilitoa namba ya karakana, sikutaja jina la kaka. Saa ilianza mara yule mtu alipoitika, nayo ikaendelea alipokuwa akizunguka kati ya mbao kumtafuta. Karani wa posta hakuniibia. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba hakuniuliza, "Wataka namba, au wataka mtu?" Na mimi miaka yote nilimwita mwizi moyoni mwangu, kama vile baba alivyonishuku mimi.

Nikaenda kwa baba. Alikuwa mzee sasa, ameketi kivulini, simu yake ndogo imefungwa kwa uzi shingoni. Nikamweleza yote tangu mwanzo, saa, namba, jina na dakika. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Yaani yule mtu wa karakana alitembea dakika sita kumtafuta kaka yako?"

"Ndiyo, baba. Na sisi tulilipia mwendo wake."

Akacheka mpaka akakohoa. Akavua uzi shingoni, akanipa simu ile. "Mpigie kaka yako," akasema. "Mwambie ninamdai dakika sita."